Jiwe la Kuivishia Tangi

Jioni ile Koleo alitoka nyumbani kwenda kununua chumvi, basi. Mifuko miwili ya chumvi ya tangi la samaki, arudi, ale, alale.

Koleo ni jina alilobandikwa na wagonjwa wake. Alikuwa daktari wa meno, mwenye mkono mzito na sauti laini, na watu walisema akikuahidi jambo ukiwa umeachama mdomo, ujue anakudanganya. Nyumbani alikuwa na mke, fundi cherehani, na alikuwa na tangi. Tuanze na tangi, maana hata yeye alianza nalo.

Lilikuwa la tatu. La kwanza lilikaa juu ya meza, la pili likakaa pembeni ya sebule, na hili la tatu likaifukuza sebule yenyewe. Urefu mita tatu, kioo unene wa vidole viwili, maji ya bahari ya kutengenezwa kwa chumvi. Makochi yalipelekwa stoo. Ukuta ukatobolewa kupitisha mabomba. Chini ya tangi kulikuwa na tangi jingine dogo, lenye pampu na chujio la povu, bomba pana la kioo lililosimama wima likichemsha mapovu mchana na usiku. Cherehani ya mkewe ilihamishiwa kwenye korido. Majirani walimwambia yule mama kwamba ameletewa mke mwenza, tena mke mwenza asiyevaa wala kusuka nywele, kazi yake kunywa umeme tu. Alicheka nao. Alikuwa na mapafu ya mtu wa kwaya, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

Sasa, maji mapya ni maji maiti. Huweki matumbawe ndani yake siku hiyo hiyo, yatakufa. Sharti maji yaive, wiki sita au zaidi, na ili yaive lazima kitu kioze humo ndani. Wengine huweka kamba mmoja mbichi, wengine samaki wa bei poa asiyelilia mtu. Wenye matangi wana msemo wao: tangi haliivi mpaka kitu kife.

Koleo hakuwa na wiki sita. Alikuwa na siku kumi na saba. Alishajigamba mbele ya chama cha wenye matangi kwamba Jumamosi fulani waje waone matumbawe yaliyofunguka, na wale watu walikuwa wakimcheka miaka mingi kwa tangi lake dogo. Haraka haina baraka, tunaambiwa, lakini Koleo hakutafuta baraka. Alitafuta kuonekana.

Dukani alikuta chumvi imekwisha. Muuzaji alikuwa anafunga mlango. Koleo alizunguka nyuma kukata njia, na huko, kwenye chumba kisicho na taa, akamwona mwanamke amekaa katikati ya mapipa. Alivaa mabuti ya mpira. Alikuwa anaosha ndoo, polepole, bila kuitazama.

"Wewe ndiye mwenye tangi la mita tatu," alisema.

"Nani kakuambia?"

"Unanuka maji mabichi."

Alifunua pipa. Ndani kulikuwa na jiwe la baharini, ukubwa wa kichwa cha mtu, limeota ukungu wa zambarau, limejaa matundu. Koleo aliinama. Tundu moja lilikuwa linafunga... na kufunguka. Kisha harufu ikampanda puani. Haikuwa ya bahari. Miaka ishirini na sita alikuwa akiinamia harufu ile ile kila siku.

Ilikuwa harufu ya kinywa.

"Litaivisha maji yako kwa siku moja," mwanamke alinong'ona. "Kwanza mimina maji yake, ndipo jiwe lifuate. Maji uyavute kwa mpira. Na atakayevuta kwa mdomo, huyo ndiye atakayelilisha."

"Kulilisha nini?"

"Alichonacho. Kidogo kidogo."

"Na nikilitoa?"

"Ukilitoa linamrudishia mwenyewe." Alirudi kwenye ndoo yake. "Lakini hakuna aliyewahi kuniletea tena."

Koleo alicheka njia nzima. Mtu mzima, msomi, ana cheti ukutani, atishwe na mama muosha ndoo. Alicheka huku pipa likiwa nyuma ya gari, limefungwa kwa kamba mbili.

Nyumbani alipandisha pipa juu ya kiti. Akatumbukiza ncha moja ya mpira ndani ya pipa, na ncha nyingine akaielekeza kwenye tangi la chini. Kila mwenye tangi anaijua kazi hii: unavuta kwa mdomo mara moja, maji yakikaribia unatoa, yanajishukia yenyewe. Ameifanya mara elfu. Jioni ile aliusogeza mpira mdomoni, akausitisha pale. Akaita.

"Mke wangu. Hebu njoo univutie huu mpira. Mikono yangu ina kazi."

Mikono yake haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa inaning'inia tu.

Mkewe alikuja na futi ya kushonea shingoni, pini kwenye ukosi. Akapiga magoti, akavuta. Yule mama alikuwa na pumzi, maji yakaja kwa mvuto mmoja, yakamjaa mdomoni. Alikohoa, akatema kwenye kanga.

"Yana chumvi," alisema. "Na yana kitu kingine. Kama yameshanywewa na mtu."

"Kasukutue," Koleo alisema, akalishusha jiwe tangini.

Asubuhi maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba samaki wachache aliowatanguliza humo walionekana wanaelea hewani. Koleo alipima mara tatu, kila kipimo kikatoka safi. Akahamisha matumbawe yote kutoka tangi la zamani, na kabla ya saa sita mchana yalikuwa yamefunguka, ya kijani, ya waridi, manene kuliko alivyowahi kuyaona. Alikaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Tusimnyime haki yake, yalikuwa mazuri mno.

Siku ya tatu mkewe alipumzika katikati ya ngazi. Siku ya tano alikuwa akisimamisha cherehani mara mbili kwa ukosi mmoja. Siku ya nane walikwenda hospitali. Wakampiga picha, wakamsikiliza mgongo, wakasema mapafu ni safi, hayana hata doa, labda ni mawazo. Siku hiyo hiyo tumbawe kubwa lilikuwa limeongeza upana wa kiganja. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Huyu alichuma, akamwachia wa kwake ale peke yake.

Siku ya kumi, jua likizama, mkewe alijikokota mpaka mbele ya tangi akakaa kwenye kigoda. Taa za buluu zilimfanya aonekane maiti. Alisikiliza chujio la povu kwa muda mrefu.

"Mume wangu," alinong'ona. "Hiki chombo kinapumua na mimi."

"Ni pampu."

"Sikiliza."

Mapovu yalipanda... yakatulia. Yakapanda... yakatulia. Koleo alitazama kifua cha mkewe. Kilipanda. Kikatulia.

"Sasa tazama," mkewe akasema, akabana pumzi.

Povu likasimama.

Pampu ilikuwa inanguruma vile vile, umeme ulikuwapo, lakini ndani ya bomba la kioo hakukuwa na kitu kilichosogea. Mapovu yalining'inia kama yamegandishwa. Kisha mkewe akashindwa, akaachia pumzi kwa kikohozi, na povu likafurika mpaka juu.

"Ni ule mpira," mkewe alisema, akihema kati ya neno na neno. "Mikono yako ilikuwa mitupu siku ile. Niliiona. Nikasema labda amechoka. Litoe hilo jiwe."

"Nikilitoa sasa mchanga utatibuka. Matumbawe yatakufa."

Alilisema hilo bila haya, na lilikuwa kweli. Mkewe alimtazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Hakuomba tena siku ile.

Aliomba siku ya kumi na mbili, na ya kumi na tatu. Siku ya kumi na tano hakuweza kuomba. Alilala chali, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa kwa shida kama anayenyonya uji mzito kwa mrija. Na hapo Koleo akaogopa. Tusimwonee, alimpenda mkewe, walikuwa na miaka ishirini na moja pamoja, na hakujua sukari inakaa wapi nyumbani mwake. Alipandisha mkono wa shati, akautumbukiza tangini mpaka kwapani.

Jiwe halikutaka kutoka. Lilikuwa limeshika. Ilimbidi alitikise kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama anavyofanya kazini, mpaka kitu kikaachia chini kwa mlio wa unyevunyevu. Alilitia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akaifunika, akaipeleka nyuma ya nyumba. Tundu lile lilikuwa limeachama.

Chumbani mkewe alivuta pumzi moja ndefu sana. Halafu akaomba chakula.

Kesho yake, Ijumaa, alipanda ngazi mara nne bila sababu, kwa raha tu ya kuzipanda. Alishona sare tatu zilizokuwa zimelala. Alicheka na majirani dirishani, akamtania mumewe kwamba mke mkubwa amerudi, mke mdogo ajifungashe. Akamwambia pia, kwa upole, "Nimekusamehe. Lirudishe tu kwa mwenyewe." Na Koleo alikubali kwa kichwa. Alikubali kweli. Alikwenda mpaka kwenye gari, funguo mkononi.

Kisha akarudi kuaga tangi.

Maji yalikuwa yamegeuka tui. Matumbawe yalikuwa yamejikunja, mengine yanavuja ute mweupe, na lile kubwa lilikuwa linabanduka vipande vipande kutoka kwenye mfupa wake. Harufu ilianza. Samaki wawili walikuwa wamelala ubavu. Kesho saa nane mchana chama kizima kitakuwa kimesimama hapa na viatu vyao safi, na mwenyekiti atasema, pole sana daktari, kwa ile sauti yake. Koleo aliisikia sauti ile waziwazi. Alisimama pale mpaka giza likaingia, akasikiliza cherehani kwenye korido, ikikimbia bila kupumzika.

Akaenda nyuma ya nyumba kuchukua ndoo.

Cherehani ikanyamaza. Alipofika sebuleni, mkewe alikuwa amesimama mbele ya tangi, mgongo kwenye kioo, mkono wa sare ambao haujamalizika umekunjwa kifuani.

"Unalipeleka wapi?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye ndoo, tone moja moja, sakafuni.

"Niambie unalipeleka garini."

"Mpaka kesho jioni tu," alisema. "Wageni wakiondoka, nalitoa. Siku moja hutakufa."

"Na wakisema wanakuja wengine Jumapili?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alilifikiria sasa, na mkewe alimwona akilifikiria.

Koleo aliweka ndoo chini. Akamshika bega kwa ule mkono uliozoea kuinua videvu vya watu miaka ishirini na sita, na akatumia ile sauti yake laini.

"Haitauma," alisema.

Akamsogeza pembeni. Mkewe hakupigana naye. Alijua uzito wa mkono ule. Alirudi hatua mbili mpaka ukutani, akafungua mdomo, akavuta pumzi, pumzi ya kwaya, ndefu, akaijaza mpaka mabega yakapanda. Kisha akafumba mdomo na kuubana kwa viganja vyote viwili.

Jiwe lilishuka. Lilikaa mahali pake bila kutafuta. Tui likaanza kutakata kuanzia chini, na tumbawe la kwanza likanyoosha kidole kimoja.

Nyuma ya Koleo hakukuwa na sauti. Kwenye chujio, povu lilikuwa limesimama.

Alivuta kiti, akakaa, akasubiri pamoja nalo mkewe aachie pumzi.