Finjani ya Tatu

"Pweza keshafika," ilisema sauti ndani ya Nokia. "Wanataka kumchemsha kabla ya alasiri."

"Nani?"

"Hilo ndilo tunalokulipia mshahara."

Simu ikakatwa.

Ilikuwa Machi 2004. Kheiria, jasusi wa serikali, aliitia bastola yake ya Glock mkobani, akaelekea mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba alimofikia Pweza. Pweza alikuwa Mahfoudh, mfanyabiashara wa Tunisia aliyekuja Maskati kutia saini mkataba wa kuiuzia Oman pweza na kamba wa kwao. Sharti lake moja liliwaudhi watu: kila kontena la samaki, la yeyote yule, lifunguliwe bandarini mbele ya askari.

Genge la Harub lilikuwa likiingiza bunduki chini ya dagaa walioganda. Halikuwa na ugomvi na pweza. Lilikuwa na ugomvi na kufunguliwa.

"Getini vipi, Nahashon?" Kheiria aliuliza kwa redio, akiwa ndani ya nyumba.

"Kumetulia, madam," alijibu dereva wake, Mkenya. "Ni Hilux moja tu. Jamaa amelala ndani."

"Amelala, na nnasikia injini yake mpaka huku?"



"Sasa umenitisha, madam."

Sebuleni, Mahfoudh aliisifu bahari ya kwao kama mtu aliyeichimba mwenyewe. Mhudumu alipita na dele la kahawa: kanzu nyeupe, kofia ya nakshi, kila kitu mahali pake. Kheiria alikunywa, akaitikisa finjani kulia na kushoto.

Mhudumu akamjazia.

Akainywa. Akaitikisa tena.

Akajaziwa tena.

Mara ya kwanza ilikuwa uzembe. Ya pili ilikuwa pasipoti ya kigeni.

"Kaka, kwenu wapi?"

"Hapa hapa, Matrah. Nimezaliwa huko."

"Na mamako hakukwambia kuwa mtu akitikisa finjani ametosheka?"

Finjani ya tatu Kheiria alimmwagia machoni.

Bastola ya Makarov ikachomoka chini ya kitambaa cha mhudumu. Risasi ikapasua dirisha. Kheiria alimvunja kifundo cha mkono kwa ukingo wa sinia, akambamiza dele usoni. Mara mbili. Jamaa akaiokota bastola kwa mkono wa kushoto.

Glock ikalia.

Moja kifuani. Moja kwenye paji la uso.

Nje ikasikika milio mitatu, kisha vioo vikimwagika.

"Nahashon!"

"Niko mzima. Yule wa Hilux aliamka." Alivuta pumzi. "Sasa amelala kweli."

Mhudumu halisi alikutwa ndani ya friza ya jikoni, koo limekatwa, amelazwa juu ya sampuli za pweza.

Mahfoudh alitambaa kutoka chini ya meza.

"Bibie, mikataba yenu yote hutiwa saini hivi?"

"La. Ya mafuta huwa na makelele zaidi."

Akatia saini. Herufi zilitetemeka, lakini zote zilikuwepo.

Redio ikakoroma: "Harub kapatikana Al Hail. Kontena lake linafunguliwa sasa hivi."

Mahfoudh alimmiminia kahawa iliyosalia katika dele lililobonyea. Kheiria aliinywa akiwa wima, akaitikisa finjani.

Mtunisia akalitua dele upesi, kama limemchoma.

Kheiria alichukua mkoba wake, akairuka maiti, akatoka.