Mwambie Baba Yako

Waliokuwepo chumbani siku ile ni hawa: fundi baiskeli, mkewe mshonaji, binti yao wa miaka saba waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa shavuni mwake, na Bibi Mkunga, ambaye alistaafu kuzalisha akabaki palepale zahanati kuwasikiliza watu waliogombana. Watu wanne. Lakini viti vilikuwa vitano, na Bibi Mkunga alikuwa amepanga vinne kwa mikono yake mwenyewe.

Alidhani ni uzee.

Mume na mke wale walikuwa hawasemeshani tangu mimba ya pili ilipoharibika. Siku mama aliporudi kutoka hospitali, mumewe hakuwepo nyumbani, alikuwa karakana. Jambo hilo lilimchoma moyoni, akanyamaza. Mume alipoona amenyamaziwa, naye akanyamaza. Akabaki Kidoti wa kupeleka maneno. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nitachelewa. Mtoto alikuwa na roho nzuri: maneno makali aliyalainisha njiani, akaongeza na "tafadhali" ambayo hakuna aliyeisema.

Shule zilipofungwa, Kidoti alikwenda kukaa kwa bibi yake. Alasiri moja mama alikuwa kwenye cherehani, akasema kwa mazoea tu, bila kuinua kichwa, "Kidoti, mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." Akakumbuka kwamba mtoto hayupo, akajicheka. Kabla hajaukata uzi, alisikia miguu midogo ikipita peku nyuma ya mgongo wake kuelekea uani, na kule uani mumewe akajibu, "Haya, nimesikia."

Angemuuliza ni nani aliyemwambia. Lakini walikuwa hawasemeshani.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka maziwa yaliyochacha, ingawa hapakuwa na maziwa ndani, na sauti ya Kidoti ikawa inakuja hata bila kutumwa, mchana kweupe, ikimnong'oneza mama sikioni kwamba baba anasema hukumtaka yule mtoto ndiyo maana hakukaa, kisha ikimfuata baba mpaka mlango wa bafu kumwambia kwamba mama anasema bora ungekufa wewe, na kila mmoja alijua vizuri kwamba Kidoti yuko kwa bibi yake, lakini kila mmoja aliyaamini yale maneno, kwa sababu ndiyo hayohayo aliyokuwa akiyaogopa siku zote.

Kidoti aliporudi alisimama kizingitini na kifurushi chake, akakataa kuingia.

"Mama," alisema polepole, "mbona mmemtafuta mwingine?"

Jirani yao muuza mkaa ndiye aliyewahurumia. Alimtania mama kwamba nyumba yao imepoa mpaka panya wamehama, kisha akaacha utani, akamshika mkono. Mama alimwambia alishaulizia mshauri wa ndoa wa kule mjini, bei yake haishikiki. Muuza mkaa akasema yupo Bibi Mkunga, halipwi chochote, sharti lake ni moja tu. Akalisema kwa sauti ya juu ili na mume asikie kule uani: "Wote wanaokaa humu ndani, waje."

Wote walisikia.

Basi wakakaa. Kile kiti cha tano kilikuwa kati ya Kidoti na mlango. Bibi Mkunga aliwaeleza kwamba hapa hatutumani, mwenye neno amtazame mwenzake amwambie. Mama alitazama sakafu. Mdomo ulifuata njia uliyoizoea.

"Kidoti, mwambie baba yako..."

Kiti kitupu kililia, kama kiti kinavyolia mtoto anapokipanda.

"Mama anasema anaondoka," ilisema sauti ya Kidoti kutoka pale. Kidoti mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. "Baba anasema aende tu." Harufu ya maziwa ikajaa chumba mpaka macho yakawasha. "Na mimi nimechoka na kiti cha mbao. Nataka kile cha damu."

Mikono ya Kidoti ikaanguka mapajani, shingo ikalegea, weupe tu wa macho ukabaki. Bibi Mkunga alijua watu wanaposema mtu ni kiti cha jini, yaani jini humkalia mwilini, wana maana gani. Alimvuta mtoto kifuani, akamfunika kwa mtandio wake, akimpulizia kisogoni kama alivyokuwa akiwapulizia vichanga waliochelewa kulia.

"Mmempa jini kazi ya kutumwa," aliwaambia. "Mnyang'anyeni. Tazamaneni mseme, huyu mtoto anapoa."

Mama aliinua uso.

"Mume wangu, siku ile ulikwenda kazini."

"Anadanganya, hakutaki," sauti ilisema.

"Nilikwenda kukificha kiti," mume alijibu bila kuigeukia ile sauti. "Nilikuwa nimemtengenezea yule mtoto kiti kidogo cha chuma, cha kufunga kwenye baiskeli. Sikutaka ukikute mlangoni. Nikakaa nacho, nikalia mpaka nikaona haya kurudi."

"Mbona hukuniambia, mume wangu?"

"Sikujua nianzie wapi."

Sauti iliendelea kusema katikati yao, ila haikuwa tena ya Kidoti, wala ya mtu, na kadiri mama alivyozidi kumsogelea mumewe na kumuuliza kiti kilikuwa na rangi gani, na mume kumjibu kwamba alikuwa hajakipaka, na mama kumwambia angependa kijani, ndivyo kile kiti cha tano kilivyojiburuta nyumanyuma, mguu kwa mguu, kikigongagonga sakafu, mpaka kikaugusa mlango, mlango ukafunguka, kikaangukia nje juani.

Kidoti alikohoa, akaomba maji.

Jioni baba alikishusha kile kiti kidogo kutoka darini mwa karakana. Chuma chake kilikuwa na joto, kama kitu kilichokaliwa sasa hivi. Walikizika nyuma ya nyumba, wote watatu wakiwa wameshikana mikono, na mama alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata walirudi kwa Bibi Mkunga. Alipanga viti vinne, na vikabaki vinne.