Rosa na Mota ya Kugeuza Mayai

Rosa alifuga kuku Mwembesongo, Morogoro. Kila asubuhi aliwapa pumba, kisha akakagua mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Ilikuwa mwaka 2003. Biashara ilikuwa huria, na maduka yalijaa mashine za kila namna.

Ndani ya mashine, mota ndogo ilitakiwa kulaza trei kushoto, kisha kulia, ili mayai yageuke na vifaranga wasigandane na maganda. Lakini ilitetemeka tu. Godfrey, aliyemuuzia, alimwambia ndivyo inavyofanya kazi.

Rosa akaweka mayai thelathini. Siku ishirini na moja za kutotoa zikapita. Zikapita tatu nyingine. Rosa akavunja yai. Kifaranga amekufa, amegandana na ganda. Akavunja mengine; yote thelathini yalikuwa hivyo.

Akaenda dukani. Godfrey hakuinua hata macho.

"Mashine nzima, mama. Mayai yako ndiyo viza."

"Mayai viza yana miguu na midomo?" Rosa aliuliza.

"Mambo ya umeme huyawezi. Nenda nyumbani."

Aliipeleka mashine kwa Asia, fundi redio wa mtaani. Asia akaifungua, akapima.

"Mama, mota hii ina nyaya tatu. Mbili za umeme, chanya na hasi. Wa tatu ni wa amri. Chipu hii, kompyuta ndogo, hutuma mapigo ya umeme mara hamsini kila sekunde. Urefu wa pigo ndiyo amri yenyewe."

"Urefu gani?"

"Gawa sekunde vipande elfu. Pigo la kipande kimoja, trei inalala kushoto. Vipande viwili, kulia. Kimoja na nusu, katikati."

"Mbona inatetemeka?"

"Mota inakula umeme mdogo wa chipu. Ikivuta, chipu inazimika na kuwaka upya. Amri inakatika. Waliokuuzia wangeijaribu ikiwa na mayai, wangeona."

"Hawakujaribu," Rosa alisema polepole. "Halafu mjinga nikawa mimi."

Asia akaipa mota umeme wa peke yake, wa volti tano. Akaunganisha hasi yake na hasi ya chipu. "Bila hivi, mota haielewi amri," alisema. Trei ikalala taratibu, ikatulia.

Rosa alirudi dukani. Akakuta kina mama wawili wakichagua mashine kama yake.

"Godfrey, jaza trei mayai, uwashe mbele yetu."

Godfrey alisita, akawasha. Trei ikatetemeka. Wale kina mama wakaondoka bila kununua. Wiki hiyohiyo, mashine zote za duka zilipelekwa kwa Asia zikarekebishwe.

Rosa aliweka mayai mengine thelathini. Siku ya kumi na nane alizima mota mwenyewe, maana vifaranga wakikaribia kutoka mayai hayageuzwi. Siku ya ishirini na moja wakatoka ishirini na sita, wakilia, wakipanda juu ya maganda yao.