Kichupa cha Uchagani

Stendi ya Same ilikuwa imefurika, makonda wakigombania abiria, vumbi likiwashika watu kope. Irine alikuwa akishusha kiroba cha tangawizi kutoka Gonja kilipopasuka mgongoni mwake. Tangawizi zikabingirika mpaka miguuni pa kijana mmoja mwenye shati la samawati, begi lake kalikumbatia kama mtoto mchanga.

"Dada, mzigo wako umenipenda kabla yako."

"Okota, acha maneno. Na hiyo ya mfukoni nimeiona!"

Akaitoa, akicheka. Aliitwa Erasmo, mkemia, mtu wa Bukoba. Alikuja kupima visima vya tambarare, ambako maji yaliwapaka watoto meno rangi ya kahawia. Irine siku hiyo alivaa gauni la njano, na Erasmo alilitazama mpaka konda akamsukuma.

Simu zikaanza. "Umekula?" "Nimekula." "Nini?" "Makande." "Bila mimi?" Mambo ya namna hiyo, mpaka salio liishe.

Erasmo alipopanda mlimani Gonja, kwa kina Irine, aliomba mahali penye giza. Irine akamwingiza kwenye ghala la tangawizi, wakafunga mlango.

"Mbona giza, wanangu?" mama yake Irine aliuliza kutoka jikoni.

"Tunaangalia taa, mama!"

"Taa za gizani nazijua mimi. Acheni upenyo."

Erasmo akawasha tochi yake ya mwanga wa urujuani. Vichupa viwili vya unga mweupe vikawaka, kimoja buluu, kingine kijani. Irine akashika mdomo.

"Kitendawili," Erasmo alisema.

"Tega."

"Nyumba yangu ndogo kuliko punje ya ulezi, vyumba vyake havihesabiki."

Irine aliwaza, akashindwa.

"Nipe mji," Erasmo akadai.

"Chukua Same."

"Nimefika Same, kila mtu ananiuliza Irine yuko wapi. Nyumba ni unga huu. Kila chembe ni jengo: nguzo za madini, boriti za kaboni. Nikiibandika boriti kitu kidogo pembeni, mwanga wa buluu unageuka kijani. Maji mabaya yakiingia vyumbani, mwanga unabadilika tena, nami nakijua kisima chenye ubaya."

"Kumbe mboga ile ile, wewe unacheza na viungo."

"Hasa, mpishi wangu."

Kabla ya kwenda kusoma Ujerumani alimletea kichupa cha tatu. Kilipomulikwa kiliwaka njano, njano ya lile gauni.

"Nimehangaika na boriti mpaka nikaipata. Nitunzie. Nikirudi nikaukuta unga unawaka, nitajua bado unanitaka. Nitaleta wazee."

"Na usipowaka?"

"Utawaka tu."

Sasa, kwao Irine kitu cha kutunzwa kuliko vyote ni mbegu. Mbegu hukaa uchagani, juu ya moshi wa jiko, wadudu wasiiguse. Ile ya kwenye kibuyu haizibwi kabisa. Mdomo wa kibuyu hutiwa jani kavu la mgomba, ipate kupumua. Irine akatoa kifuniko cha plastiki, akaziba kwa jani, akakilaza kichupa katikati ya mahindi ya mama yake. Kila alipochochea moto aliinua macho.

Erasmo akarudi. Irine akamletea kichupa, jani akaliacha uchagani. Akamulika. Giza. Akageuza kichupa, akamulika tena.

"Umekifungua."

"Nimekitunza, Erasmo."

"Huku ndiko kutunza? Kifuniko kiko wapi? Si useme tu kwamba ulishanichoka!"

Irine akaona haya na hasira. "Ni unga tu," akasema, na alipoyasikia maneno hayo hakuamini kwamba yametoka kinywani mwake.

Erasmo akakiziba kichupa kwa karatasi, akakitia mfukoni, akateremka mlima. Akarudi Ujerumani, simu yake ikawa haipatikani. Mvua za masika zikaja, na mama yake Irine akaangukia shambani, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi.

Siku simu ilipolia, Irine alikuwa akimnywesha mama uji.

"Kinanuka moshi," Erasmo alisema, bila salamu.

"Nini?"

"Kichupa. Nimekifungua leo maabara, nikasikia jiko lenu. Mlikiweka na mbegu." Sauti ikakatika, ikarudi. "Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza ukajijibu mwenyewe."

"Nisamehe, mpenzi. Nimeuosha unga kwa spiriti. Moshi mwingine umetoka, mwingine umeng'ang'ania boriti. Lakini unawaka! Si njano tena. Ni rangi ya makaa yanayokaribia kuzimika."

Akapanda ndege, akapanda basi, akapanda mlima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mgonjwa alijibu kwa nusu ya mdomo.

Nje, Erasmo akamshika Irine mikono. "Nimekuja kukuchukua."

"Mama nimwachie nani?"

"Basi nabaki."

Irine akatikisa kichwa. "Huo unga utaupikia wapi, jikoni kwangu? Si umeona jiko langu linavyoufanya."

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikawaishia kwa pamoja.

"Wale watoto wa visimani bado wanakunywa maji yale, Erasmo. Maabara yako iko huko. Nenda."

Alimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amevaa lile gauni la njano, limepauka mabegani. Gari lilipowashwa, Erasmo alitoa kichwa dirishani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu imeingia moshi, nimeiosha, hautoki."

Jibu Irine alilijua, wala halikuwa unga. Lilifika mpaka kwenye meno, akalimeza.

"Nimeshindwa."

Erasmo akashika ukingo wa dirisha. "Nipe mji, basi."

"Chukua huo unaokwenda."

Gari likakata kona. Irine akarudi jikoni, akapuliza moto wa uji wa mama, akainua macho uchagani. Jani la mgomba lilikuwepo bado, limejikunja, na katikati ya mahindi shimo dogo la saizi ya kichupa.