Sauti ya Fundi Chumbani

Gauni la shule la Chiriku lilipwaya tena. Mama yake, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alibana pini mbili kiunoni, akalipeleka kwenye cherehani na kulipunguza. Ilikuwa mara ya tatu muhula huo. Mteja akikonda kidogo tu, Fundi humhoji mpaka aone haya. Kwa mwanawe hakuuliza kitu. Alikata uzi kwa meno, akalitundika gauni msumarini, na kwa kuwa lilikaa vizuri, akaona kazi imekwisha.

Msichana aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kuchoka. Sasa alikuwa na miaka kumi na tano, na kumtoa neno ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Akirudi shule analala. Akiitwa kula, ameshiba. Chumba chake kilianza kunuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni. Fundi alifua mashuka, akapiga deki, akafungua dirisha, na harufu ikabaki palepale.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, mama."

"Sina kitu, sina kitu! Msichana mzima unalala kama gunia. Nimezaa mzigo?"

Alijuta kidogo, lakini alikuwa na sare thelathini za kukabidhi, na hasira ilikuwa imemfika kooni. Amembembeleza, amemgombeza, amemnunulia simu, amemnyang'anya simu. Mtu afanye nini tena?

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, alikuwa na pini midomoni akikunja pindo la suruali aliposikia mtu anazungumza chumbani kwa Chiriku. Alisimamisha cherehani. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Alipita kwenye korido akinyata, na kadiri alivyosogea ndivyo ile harufu ya ubichi ilivyomkaba, na ndivyo alivyozidi kuitambua sauti ile, mkwaruzo wake, namna yake ya kuivuta ile "wewe", mpaka akafika mlangoni, pini zikiwa bado zimebanwa midomoni, akaisikia sauti yake mwenyewe upande wa pili ikisema bila haraka, "Nimezaa mzigo. Lini utanipumzisha, wewe?"

"Samahani, mama," Chiriku alijibu, kwa unyonge wa mtu aliyezoea.

Fundi alisukuma mlango. Binti alikuwa kitandani, uso ukutani. Hapakuwa na mtu mwingine. Miguuni pake godoro lilikuwa limebonyea, kisha likapanda polepole, kama mtu ameinuka.

Hakuungoja usiku. Alimwita mganga, bibi mmoja wa mtaa wa pili, mkali kama pilipili. Mganga alifukiza chumba na kukemea, na nyuma ya kabati kitu kikakohoa, kikohozi kilekile cha Fundi.

"Limetoka?" Fundi alinong'ona.

"Limesogea tu," mganga alisema kwa kuudhika. "Jini hili halina maneno yake, mwanangu. Linaokota ya wenye nyumba. Nani alisema habari ya mzigo humu ndani?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Basi nisikilize. Mtoto ni mgonjwa. Jini limemkuta hana nguvu, likaketi. Huzuni ya namna hii haitibiwi na ubani wangu, mpeleke hospitali leo. Lakini kwanza muulize lile unaloogopa kumuuliza."

Fundi aliketi kitandani.

"Mwanangu, unafikiria kufa?"

"Mwache huyo, anajidekeza," ikajibu sauti yake kutoka nyuma ya kabati.

Chiriku aligeuka, akamtazama mama yake mdomoni. Mdomo ulikuwa umefumbwa.

"Mama... kumbe si wewe?"

"Hili si mimi. Lile la mzigo nililisema mimi, na nilikosea sana. Nisamehe, mwanangu."

Msichana alilia mpaka akakaukiwa na machozi. "Ndiyo, mama," akasema. "Nafikiria kila siku."

Fundi hakupiga ukelele. Alimkumbatia, akamvalisha viatu, wakaenda hospitali jioni ileile. Sare thelathini zikalala bila vifungo.

Matibabu yalikwenda taratibu kuliko subira ya Fundi. Palikuwa na dawa, palikuwa na mshauri wa kuzungumza naye kila Jumanne. Wiki ya sita Chiriku alikula akaomba kuongezewa, na Fundi akajidanganya kwamba yamekwisha. Wiki ya saba akagoma kuamka kwenda kwa mshauri, na ya nane akagoma tena. Fundi alisimama jikoni amejaa hasira, amechoka kwelikweli, na neno likamjia kichwani, baya kuliko lile la mzigo. Alilimeza. Hakulitamka.

Chumbani, sauti yake ikalitamka.

Alikimbia, akaufungua mlango kwa kishindo. Chiriku alikuwa ameketi, amekumbatia mto, macho mlangoni.

"Mama, hilo umelifikiri?"

Fundi alitaka sana kusema hapana.

"Nimelifikiri," alisema. "Nimechoka, likanijia. Lakini mimi nilikuwa nakuja kukuamsha. Twende, nitakusubiri hapo nje mpaka umalize."

Chiriku aliuweka mto kando, akateremsha miguu sakafuni. Nyuma ya kabati sauti ya Fundi ilianza kunong'ona tena, ikipapasa ndani ya kichwa cha Fundi mwenyewe, ikitafuta neno jingine.