Viini Viwili vya Dalmas

Kiti cha kompyuta namba saba kilikuwa kimelowa tena. Debra, mhudumu wa duka la gemu la Farouk pale Mamboleo, alikifuta kwa kitambaa, kisha akanusa kitambaa. Kilinuka ziwa: matope, majani yaliyooza na omena.

Aliangalia juu. Mabati hayakuwa na tundu, na wiki nzima mvua haikuwa imenyesha.

"Mzee, njoo unuse hii," alisema.

Farouk hakuja. "Kitoe juani kikauke," alijibu kutoka kaunta. "Na usiseme mbele ya wateja."

Wote wawili walijua ni nani aliyekuwa akikaa pale. Dalmas alikuwa kijana wa Dunga, mtoto wa Lornah muuza samaki, na katika duka lile hakuna aliyewahi kumshinda. Mwezi uliopita timu moja ya Nairobi ilitangaza kwamba itachukua mchezaji mmoja kutoka Kisumu. Fainali ilichezwa kwa Farouk. Dalmas alikaa namba saba. Muhidin, mwana wa Farouk, alikaa namba nane.

Farouk mwenyewe ndiye aliyeziandaa kompyuta. Prosesa za mashine zake zina viini kadhaa, vingine vya nguvu, vingine dhaifu vya kuokoa umeme, na anayejua njia anaweza kuichagulia gemu itumie viini vipi. Siku zote aliipa gemu vile vya nguvu na kuziachia kazi nyingine vile dhaifu. Siku ya fainali, baada ya kufungua gemu kwenye namba saba, alifungua dirisha la mipangilio na kuondoa tiki kwenye viini vyote isipokuwa viwili vya mwisho, vile dhaifu. Akalifunga dirisha na kumvutia Dalmas kiti.

Picha zilikwama kidogo tu, muda wa kupepesa jicho. Lakini kila Dalmas alipofyatua risasi, Muhidin alikuwa ameshaondoka.

"Mashine inahangi, Mzee," Dalmas alisema.

"Mkono wako ndio unahangi, bwana."

Duka zima lilicheka, na Muhidin akaipata nafasi ya Nairobi.

Gemu ilipofungwa, mipangilio ile ilijifuta yenyewe, kama inavyofanya siku zote. Hakuna alama iliyobaki. Dalmas alirudi kuvua na mjomba wake, boti yao ikapinduka, mjomba akaokoka. Farouk hakwenda mazishini. Alisema ana kazi.

Ilianza kwa kikombe. Muhidin alikuwa mezani nyumbani, akataka kuchukua chai, na mkono wake ukabaki palepale ulipokuwa. Aligeuka kuzungumza na mama yake. Ndipo mkono uliponyooka wenyewe na kukiangusha kikombe.

"Unaota nini wewe?" Rehma, mama yake, alicheka. "Huko Nairobi nani atakufulia nguo?"

Muhidin hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wake.

"Baba," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "nikiuambia uende, unaenda baadaye."

Farouk alimwambia ni uchovu wa mazoezi.

Kisha ikawa barabara. Muhidin alikuwa akivuka kwenda dukani mchana, lori likitoka upande wa Kakamega. Aliliona. Alisimulia baadaye kwamba aliliona tangu mbali, akaiambia miguu ikimbie, na miguu ikasimama. Mwanamke mmoja muuza ndizi alimvuta shati akamwangusha ukingoni, na lori likapita. Watu walikuwa bado wanampa pole pale miguu yake ilipoanza kukimbia, ikimrudisha barabarani, huku yeye mwenyewe akisema nishikeni, nishikeni, mpaka wanaume wakamlalia.

Farouk alisikia habari hiyo akiwa amesimama karibu na namba saba. Harufu ya ziwa ilikuwa nzito. Feni za mashine zilikuwa zikivuma kwa nguvu ingawa hakuna gemu iliyokuwa imefunguliwa, na alipogusa mausi kidole chake kikatoka na maji. Alifungua dirisha la mipangilio. Katikati ya majina ya programu anazozijua palikuwa na moja asiyoijua, inayoitwa Muhidin, na alipobonyeza kuona imepewa viini gani akakuta tiki mbili tu, kwenye viini vya mwisho, vile dhaifu. Alirudisha tiki zote, akafunga, akafungua tena akakuta mbili, akazima mashine, akachomoa waya ukutani, akaifuta diski yote na kuweka kila kitu upya, na alipofungua dirisha lile jina lilikuwepo na tiki mbili zilikuwepo. Akakumbuka jambo ambalo fundi yeyote analijua, kwamba mpangilio huu haudumu, kwamba lazima mtu aketi kwenye kiti na auweke kwa mkono wake kila mara.

Alimwita Maalim Usama, anayesomea wagonjwa. Maalim alisoma mbele ya namba saba mpaka sauti ikamkauka. Feni hazikupunguza. Maji yalianza kudondoka kutoka kwenye kiti, tone baada ya tone, na Maalim akafunga msahafu.

"Jini ningemwambia atoke, angetoka au tungepigana," alisema. "Huyu si jini. Huyu ni mtu, na ana kesi na wewe."

"Kwetu anaitwa jachien," Debra alinong'ona kutoka mlangoni. "Aliyekufa na uchungu. Haji kwa mwingine, Mzee. Anakuja kwa aliyemfanyia."

"Nenda kwa mama yake," Maalim alisema. "Useme ulichofanya. Usibakize."

Farouk alimkuta Lornah ufukweni kule Dunga, akianika omena kwenye nyavu chini. Wanawake wengine walikuwa karibu, wakisikiliza bila kuinua vichwa. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake. Lakini begi la Muhidin lilikuwa limeshafungwa nyumbani, na timu ikisikia ukweli ingemwacha.

"Pole, Mama," alisema. "Nimekuja kwa sababu ya ile fainali. Kompyuta ya Dalmas ilikuwa mbovu. Sikujua."

Lornah aliendelea kutandaza omena. "Ilikuwa mbovu?"

"Ndiyo, Mama."

"Yeye aliniambia ni mkono wake. Kwamba mkono wake umeharibika. Akawa anautazama, anakula akiutazama." Alinyooka. "Boti ilipopinduka, mjomba alimrushia kamba. Ikamfikia hapa, kifuani. Mjomba anasema nyathina, mtoto wangu, hakuishika. Aliutazama mkono kwanza."

Farouk aliinamisha macho kwenye omena.

"Kwa hiyo ilikuwa mashine tu," Lornah alisema. "Haya. Nimekusikia, Baba Muhidin. Na yeye amekusikia."

Aliporudi Mamboleo alikuta watu wamejaa mlangoni. Muhidin alikuwa amelala sakafuni kati ya namba saba na namba nane, Rehma amemshika kichwa. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Kisha kikapanda mara moja, kwa nguvu, kwa pumzi aliyokuwa ameitaka kitambo, kikatulia tena.

Kioo cha namba saba kilikuwa kinawaka na dirisha la mipangilio limefunguka. Jina lilikuwa moja, Muhidin, na tiki zilikuwa mbili. Farouk akitazama, mausi ikasogea kidogo juu ya meza iliyolowa, ikabonyezwa, na tiki moja ikaondoka.

Alielewa. Aliwageukia watu, wateja waliocheka siku ile, mke wake, Debra, akafungua kinywa ili aseme yote, jinsi alivyoondoa tiki kwa mkono wake na kumvutia kijana wa watu kiti akitabasamu, na midomo yake ilisogea na ulimi ulisogea na wote wakamtazama wakingoja, na sauti haikutoka.

"Unasema nini, Baba Muhidin?" Rehma alilia. "Shika miguu tuondoke."

Alisema tena. Kimya. Mtu akaleta tuktuk, wakambeba Muhidin kwenda hospitali, na watu wote wakakimbia nyuma yake. Farouk naye alitaka kukimbia. Miguu yake ilibaki ilipokuwa.

Duka lilibaki tupu. Ndipo sauti yake ilipofika. Alikuwa amefunga kinywa, na maneno yakatoka wazi, neno kwa neno, kila alichofanya, katika chumba ambamo hapakuwa na mtu wa kusikia isipokuwa yule wa namba saba.

Sauti ilipoisha, kiti kililia, kama mtu ameegemea nyuma kupumzika. Kisha kikasogea tena mbele.

Mausi ikabonyezwa, na tiki ya mwisho ikaondoka.