Nifuate kwa Pua

Kila jioni baada ya masomo, msichana aliyeitwa Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, alikimbilia chumba cha muziki kupanga viti, kisha kuimba na kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa shangazi yake, naye ndiye aliyemlea.

Siku moja Shangazi aliingia na miwani mipya. Sehemu ya juu ya kioo ilikuwa ya kuonea mbali, ya katikati kinanda, na ya chini maandishi. "Mambo ya kuvaa na kuvua kila dakika, basi!" alitamba.

Wimbo ulipoanza, aliwatupia wasichana jicho la pembeni. Nyuso zao zikayumba kama zimo ndani ya maji, akanyoosha mkono upande usio wao. Wavulana, kwa utiifu, wakanguruma kabla ya zamu yao. Kwaya nzima ikaangua kicheko, naye Shangazi akacheka pia. Lakini aliposhuka jukwaani alikosea ngazi, nusura aanguke.

Nyumbani aliitumbukiza miwani mkobani. "Imenishinda."

"Shangazi, tamasha ni wiki ijayo! Mtaalamu wa macho alisema uivae kutwa, na ugeuze kichwa, si macho tu."

"Kwani mimi bundi?"

"Bundi mzuri! Haya, nifuate kwa pua."

Chiriku akazunguka sebuleni akiimba, na Shangazi akaelekeza pua kila alikokwenda. Kwenye ngazi aliinamisha kidevu. Kwenye gazeti alishusha macho tu. Walicheka mpaka mbavu zikawauma.

"Nami nina sharti," alisema Shangazi. "Nilikupa uimbe sauti ya pili, ile ya chini, ukaikimbia. Mimi nikifunza macho, wewe ufunze koo."

Chiriku akanywea. "Nitaharibu."

"Tuharibu hapa, tusiharibu kule."

Mwanzoni kichwa kilimgonga Shangazi, na sauti ya Chiriku ililia kama mlango usiotiwa mafuta. Hakuna aliyeacha.

Siku ya tamasha, Shangazi alisoma nota, akatazama kinanda, kisha akainua uso na kumwelekea Chiriku moja kwa moja. Sauti ya pili ikaingia, safi, bila kutetereka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Nyuma ya pazia Shangazi alimkumbatia. "Umeona, mwanangu? Kitu kipya hakitupwi eti kwa kuwa siku ya kwanza kimekutoa jasho. Kifanyie mazoezi, utakizoea."

"Hata hesabu?"

"Hasa hesabu!"